Chombo na Mtumiaji Wake

Tumezoea kuhakiki mashairi na hadithi. Tukipewa utenzi twauliza mtungaji alikusudia nini, maneno yake yanamfikia nani, na ni mahali gani ulimi wake umekwaa. Lakini vyombo tunavyovitumia kila siku hatuvihakiki. Twavisifu vinapofanya kazi, twavilaani vinapotukwamisha, kisha twanyamaza. Hii ni kasoro katika elimu yetu, kwa maana chombo nacho ni kauli. Jembe lenye mpini mfupi limekwisha kumwambia mkulima ainame. Ofisi yenye kidirisha kidogo cha kuchungulia imekwisha kumwambia mwananchi asimame nje. Na simu iliyo mkononi mwa mama auzaye ndizi katika soko la Mikinduri humsemesha mara nyingi kwa siku: humwuliza nambari, humwuliza kiasi, humwuliza siri yake, humjibu, na pengine humkemea. Ni haki basi tuulize ni nani aliyeyatunga maneno hayo, alilipwa na nani, na alikuwa akimfikiria nani alipoyatunga.

Katika insha hii nakusudia kuhakiki kazi mbili ambazo fedha ya serikali ilishiriki kuzizaa katika nchi yetu ya Kenya. Ya kwanza ni M-Pesa, huduma ya kutumiana fedha kwa simu. Ya pili ni vishikwambi vilivyogawiwa shule za msingi. Moja imeingia hata katika vibanda vya njia za miraa chini ya milima ya Nyambene. Ya pili, katika shule nyingi, imelala kabatini. Wingi wa fedha si sababu ya tofauti hiyo, maana iliyofaulu ilianza kwa fedha kidogo, na iliyolala ilimeza mabilioni ya shilingi. Sababu yapasa itafutwe penginepo.

Kabla ya kufika huko, kuna dhana moja ambayo hatuna budi kuiondoa njiani. Vijana wengi wasomao habari za matajiri wa Marekani huamini kwamba uvumbuzi ni kazi ya mtu mmoja hodari aliyejifungia katika karakana ya nyumba yao, na kwamba kazi ya serikali ni kutoza kodi na kuweka vizuizi. Dhana hii hupendeza kuisimulia, lakini haipatani na historia. Kipanya cha kompyuta kilibuniwa katika miaka ya 1960 na Douglas Engelbart na wenzake katika taasisi ya utafiti ya Stanford, California, kwa fedha zilizotoka katika idara ya utafiti ya Wizara ya Ulinzi ya Marekani na katika NASA, shirika la serikali hiyo la safari za anga. Mtandao wa kompyuta uliokuja kuwa intaneti ulitoka katika mfuko wa wizara hiyo hiyo. Tarehe 29 Oktoba 1969 kompyuta mbili za California zilipelekeana herufi mbili tu kabla ya mtambo kukwama. Kurasa za intaneti tuzisomazo leo zilianza kwa pendekezo la Tim Berners-Lee la mwaka 1989 katika CERN, maabara ya Geneva inayogharimiwa na mataifa ya Ulaya. Hata simu za mkononi zetu zinasikilizana kwa sababu mashirika ya posta na simu ya Ulaya yalikutana mwaka 1982 na kuunda kamati ya kutafuta utaratibu mmoja.

Katika mifano hii nataka msomaji ashike jambo moja, ambalo si ukubwa wa fedha. Engelbart na wenzake hawakuunda kipanya kisha wakatangaza kuwa ni kizuri. Waliweka mezani vifaa kadhaa vya kuelekezea alama kwenye kioo, kimojawapo kikiendeshwa kwa goti, wakawapa watu wavitumie, wakahesabu muda na makosa. Goti lilifanya vema kuliko walivyotazamia kwa watu wasiokuwa na mazoezi. Mfanyabiashara aliyekopa benki asingaliweza kutumia miezi yake kupima goti la binadamu. Serikali iliweza, kwa sababu haikudai faida mwisho wa mwaka. Basi fedha ya umma ilinunua kitu ambacho soko aghalabu halikiuzi, nacho ni nafasi ya kumtazama mtumiaji kwa makini kabla ya kuamua.

Sasa turudi kwetu. Mwaka 2002 watafiti waliolipwa na idara ya serikali ya Uingereza iliyohusika na maendeleo ya nchi za nje walitoa habari ya jambo walilolikuta Uganda, Botswana na Ghana. Watu walikuwa wakitumiana muda wa maongezi wa simu kana kwamba ni fedha. Mtu wa mjini hununua muda, humpelekea ndugu yake kijijini, naye ndugu humwuzia jirani na kupata noti. Hapakuwa na fundi aliyewafundisha. Watu walikuwa wameshakivumbua chombo kwa kukitumia isivyokusudiwa, na watafiti wakawa na akili ya kutazama na kuandika. Kwa hiyo yapasa tuseme kwamba fedha ya kwanza ya serikali katika habari hii haikununua mtambo hata mmoja, ililipa macho.

Idara hiyo ilikuwa pia na mfuko wa kushindaniwa, ulioyataka makampuni yalete mawazo ya kuwafikishia maskini huduma za fedha, kwa sharti kwamba kampuni nayo itoe sehemu yake. Nick Hughes wa kampuni ya simu ya Vodafone alipeleka wazo, akapewa karibu pauni milioni moja za Uingereza. Kwa kampuni ya ukubwa ule fedha hizo zilikuwa kidogo. Lakini Hughes ameeleza mwenyewe katika maandishi yake kwamba ndani ya kampuni kubwa wazo la namna hiyo haliwezi kushindana na miradi yenye faida ya upesi. Pauni zile zilifungua mlango ambao wahasibu wangeufunga.

Tarehe 11 Oktoba 2005 majaribio yakaanza Nairobi na Thika, kwa mawakala wanane na wateja wasiofika mia tano. Susie Lonie, aliyetumwa kuyasimamia, alikuwa amedhani atakaa Kenya miezi michache tu. Mshirika mmoja alikuwa Safaricom, ambayo wakati huo hisa zake nyingi zilikuwa mikononi mwa serikali yetu kupitia Telkom Kenya. Mwingine alikuwa Faulu, shirika la kukopesha wafanyabiashara wadogo. Kusudi lilikuwa moja: wakopaji walipe mikopo yao kwa simu badala ya kubeba noti mpaka kwenye mkutano wa kikundi.

Hapa ndipo penye kiini cha habari yote. Wateja wale mia chache hawakufuata kusudi. Mmoja alilipa mkopo wa mwenziwe. Mwingine aliweka fedha kwa wakala asubuhi na kuzitoa jioni mji mwingine, ili asisafiri na noti mfukoni. Wengine waliwapelekea jamaa zao wa mashambani. Wafanyabiashara walilipana. Kwa upande wa Faulu, vitabu vya hesabu vilikuwa taabu kuvilinganisha, na viongozi wa vikundi waliona kwamba mtu asiyelazimika kuja mkutanoni mwisho hufikiri halazimiki kuwa na kikundi. Kama mradi huu ungalipimwa kwa shabaha yake ya kwanza, ungehesabiwa kuwa umeshindwa, na ripoti yake ingefungwa kwa utepe na kuwekwa rafuni. Badala yake wasimamizi waliiacha shabaha yao na kufuata ya wateja. Huduma ilipofunguliwa kwa umma Machi 2007, mikopo ilikuwa imekwisha kuondolewa katika kazi yake, na tangazo lake lilimhimiza mtu atume fedha nyumbani. Kabla ya mwaka kwisha waliojiandikisha walipita milioni moja.

Nauliza: ni nani aliyeisanifu M-Pesa? Mafundi wa Uingereza waliandika programu, hilo hatulikatai. Lakini umbo la kazi hiyo, yaani nini kiwemo na nini kiondoke, liliamuliwa na wachuuzi wa Mathare na wa Thika ambao majina yao hayamo katika kitabu chochote nilichosoma.

Tuitazame kazi yenyewe kama tutazamavyo shairi. Sifa yake ya kwanza ni ufupi. Mtu huchagua kutuma fedha, huulizwa nambari ya mpokeaji, huulizwa kiasi, huulizwa nambari yake ya siri, kisha huonyeshwa alichoandika ili akubali au akatae. Kila swali lina ukurasa wake, wala maswali mawili hayaji pamoja. Mpangilio huu si wa bure. Ni utaratibu uleule wa mtu anayemkabidhi dereva wa matatu bahasha: ni ya nani, ni kiasi gani, nami naweka sahihi yangu. Watu wa Tigania walikuwa wamepeleka fedha kwa njia hiyo miaka mingi, na baadhi ya bahasha hazikufika. Chombo kiliwakuta na mazoea yao, kikayafuata.

Sifa ya pili ni kwamba maneno hayo yalikaa ndani ya laini yenyewe, hata yakafanya kazi katika simu ya bei ya chini kabisa, isiyo na intaneti wala kioo cha rangi. Aliyeamua hivyo alimfikiria maskini kwanza. Sifa ya tatu ni ule ujumbe mfupi unaorudi baada ya kazi, wenye nambari ya shughuli, kiasi, jina, tarehe na salio. Ujumbe huo ni stakabadhi isiyolowa mvua. Kwa mkulima wa miraa anayeuza mzigo kwa mnunuzi aliye Nairobi, ambaye pengine hawajaonana mwaka mzima, ujumbe huo umemaliza ugomvi mwingi kuliko tunavyoweza kuhesabu. Na tusisahau daftari la wakala. Palepale penye mitambo ya kisasa, mteja alionyesha kitambulisho chake na kutia sahihi katika kitabu cha karatasi. Wenye kupenda mambo mapya wangekicheka kitabu hicho. Mimi nakiona kuwa ni sehemu njema ya usanifu, kwa kuwa watu wetu huamini kilichoandikwa kwa kalamu, na wasanifu waliikubali imani hiyo badala ya kuigombeza.

Lakini mhakiki asiyeona kasoro ni mpiga debe. Kwa miaka mingi M-Pesa ilimtaka mtumaji aandike nambari ya simu, tarakimu kumi, bila kumwonyesha jina la mwenye nambari hiyo mpaka fedha ziwe zimekwisha kwenda. Kosa la tarakimu moja lilipeleka karo ya mtoto kwa mtu asiyejulikana. Jina lilikuja katika stakabadhi, yaani lilikuja kama habari za msiba. Baadaye njia ya kuhakikisha jina kabla ya kutuma iliongezwa, na wengi tulishangaa kwa nini ilichelewa. Kasoro nyingine haijaisha. Huduma hii inazungumza Kiswahili na Kiingereza tu, na kwa maandishi. Bibi wa Mikinduri asiyesoma, ambaye lugha yake ni Kimeru, haongei nayo. Huongea nayo kwa kinywa cha mjukuu, na kinywa hicho hulipwa kwa kukabidhiwa nambari ya siri. Siri ijulikanayo na wawili si siri tena, na yule aliyesanifu ulinzi wa chombo hiki kwa tarakimu nne alimfikiria mtu asomaye.

Pamoja na kasoro hizo, matokeo ni makubwa. Wataalamu wa uchumi Tavneet Suri na William Jack walichapisha mwaka 2016 utafiti uliokadiria kwamba M-Pesa iliziinua kaya 194,000 za Kenya kutoka katika umaskini, karibu asilimia mbili ya kaya zote. Ni vigumu kutaja pauni milioni moja za serikali yoyote zilizozaa zaidi.

Serikali yetu nayo ina sehemu yake ya sifa, ijapokuwa si sehemu ya fedha. Benki Kuu ya Kenya ingeweza kukataa, kwa kuwa sheria ya mwaka ule haikuitaja huduma ya namna hii. Badala ya kukataa iliuliza maswali, ikataka fedha za wateja ziwekwe katika dhamana benki mbali na mali ya kampuni, kisha ikaiachia ianze huku ikiitazama. Mwisho wa mwaka 2008, mabenki yalipokwisha kuona mshindani, Wizara ya Fedha iliagiza huduma ikaguliwe, ikakaguliwa, ikaendelea. Sheria ya mifumo ya malipo ilikuja mwaka 2011, baada ya mamilioni kuizoea. Wengine huuona mwendo huo kuwa uzembe. Naona ulikuwa uvumilivu wenye macho wazi, na ni tabia ileile iliyoonekana katika majaribio ya Thika. (Hazina ilifika wakati wa mavuno kwa miguu miepesi zaidi: ushuru wa ada za kutuma fedha ulianza kwa asilimia 10 na kufika 15 mwaka 2023.)

Kuna hesabu moja katika habari hii ambayo mimi hainitulizi. Walipakodi wa Uingereza walitoa sehemu ya mtaji. Wachuuzi wa Kenya walitoa majaribio, makosa na mazoea yao. Lakini milki ya chombo ilibaki kwa Vodafone, na Safaricom iliendelea kuilipa kwa kuitumia, hadi mwaka 2020 Safaricom na Vodacom ya Afrika Kusini zilipoinunua haki hiyo kwa pamoja. Hata mitambo yenyewe ilikuwa Ujerumani mpaka mwaka 2015. Fedha ya mtu wa Mikinduri aliyemtumia jirani yake wa Karama ilizunguka Ulaya kwanza. Linganisha na CERN, ambayo mwaka 1993 ilitangaza kwamba kazi ya Berners-Lee ni ya watu wote na hakuna atakayelipa kuitumia. Pale fedha ya umma ilizaa mali ya umma. Sisemi kwamba kampuni haikustahili faida, maana ilibeba gharama na hatari baada ya majaribio. Nasema kwamba mwenye kutoa fedha ya umma ana haki ya kuandika katika mkataba ni nini kitakachowarudia wale waliofanyiwa majaribio, na katika habari hii sharti hilo silioni.

Sasa tuingie darasani. Katika uchaguzi wa mwaka 2013 muungano wa Jubilee uliahidi kila mtoto aingiaye darasa la kwanza kompyuta ya kupakata. Zabuni ya kwanza ilivunjikia mahakamani. Mpango ukabadilishwa ukawa wa vishikwambi, na mwaka 2016 ukaanza kwa shule 150, kisha ukaenea nchi nzima. Vifaa viliunganishwa na Chuo Kikuu cha Moi pamoja na kampuni ya Ureno, na Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta pamoja na kampuni ya Amerika Kusini. Zaidi ya vifaa milioni moja vilifikishwa katika shule zaidi ya elfu ishirini. Tusiwe wachoyo wa sifa: kwa ajili ya mpango huo umeme ulifikishwa katika shule nyingi ambazo pengine zingengoja miaka kumi zaidi, na vyuo vyetu viwili vilijifunza kazi ya kuunda vifaa.

Lakini kihakiki chombo. Kilipakiwa masomo ya darasa la kwanza na la pili, ya mtaala wa zamani. Mwaka 2019 mtaala mpya ukaanza katika madarasa ya chini nchini kote. Kilihitaji kuchajiwa, na darasa lenye watoto sitini halina soketi sitini. Kilikuwa mali ya serikali, na mwalimu mkuu ndiye aliyeulizwa kikipotea. Msomaji atafakari jambo hilo la mwisho. Chombo kinachomtia mwalimu hofu ya mwizi kuliko kinavyompa tumaini la kufundisha kimekwisha kumwambia la kufanya: akifungie. Nimeona vishikwambi vikiwa bado katika mifuko yake, nyuma ya mlango wa chuma wenye kufuli mbili, na mlinzi nje. Hapakuwa na uvivu wa walimu pale. Walimu walikuwa wamekitii chombo, na chombo kilisema, nilinde.

Na hapa ndipo tofauti ya kazi zetu mbili inapodhihirika. Hesabu iliyotangazwa mara kwa mara kuhusu vishikwambi ilikuwa ya vifaa vilivyofikishwa: vingapi, shule ngapi, asilimia ngapi. Hesabu ya Thika ilikuwa ya namna nyingine: mteja alifanya nini na chombo baada ya kukabidhiwa? Anayehesabu vilivyofikishwa hukoma kutazama siku lori linapoondoka shuleni, na kwa kweli kazi ya kutazama huanza siku hiyo.

Naweza kupingwa kwamba mia tano ya wateja si milioni ya watoto, na kwamba serikali iliyoahidi mbele ya wapiga kura haiwezi kukaa mwaka na nusu ikitazama wachuuzi wanane. Pingamizi hili lina uzito. Ahadi ya kisiasa ina tarehe, na mtoto wa darasa la kwanza hamngoji mtafiti. Lakini zile shule 150 zilikuwapo. Zilikuwa nafasi nzuri ya kumwuliza mwalimu wa Tigania saa ngapi anakihitaji kifaa, nani atakibeba, kitachajiwa wapi, na kama kimoja kwa watoto watano hakingefaa kuliko kimoja kwa kila mtoto. Yamkini majibu yangeubadilisha mradi usitambulike, kama wachuuzi walivyobadilisha M-Pesa. Ahadi ya jukwaani haipendi kubadilishwa hivyo, na nadhani hapo ndipo ugumu wenyewe ulipo: serikali iliyokwisha kutaja kitu kwa jina na idadi imejifungia mlango wa kujifunza.

Haya si mambo yaliyopita. Tangu mwaka 2014 serikali imekuwa ikihamishia huduma zake katika mtandao wa eCitizen, na mwaka 2023 ilitangaza kwamba huduma zaidi ya elfu tano zimewekwa humo. Mkopo wa Hustler Fund, uliozinduliwa tarehe 30 Novemba 2022, huombwa kwa simu yoyote kwa kubonyeza *254#. Menyu yake imerithi adabu ya M-Pesa, swali moja kwa ukurasa, na nadhani hiyo ni sababu mojawapo ya watu wengi kuuingia upesi, ijapokuwa wepesi wa kukopa si wepesi wa kulipa. Wewe mwanafunzi usomaye insha hii, ukimaliza kidato cha nne utaomba nafasi ya chuo kwa mtandao, na mkopo wa masomo kwa mtandao, na cheti cha mwenendo mwema kwa mtandao. Utaingia katika mazungumzo na serikali yako, na serikali itakuwa imeyatunga maneno ya pande zote mbili.

Kwa sababu hiyo nataka katika kila mradi wa namna hii, sehemu ya fedha itengwe kwa kazi ya kutazama tu, nayo isiguswe hata mradi ukichelewa. Na ripoti yake isomwe na watu wenye mamlaka ya kubadilisha shabaha. Isiwe sehemu kubwa. Habari ya Uganda na ya Thika inaonyesha kwamba macho ni rahisi kuliko vioo.

Wala mahali pa kuanzia si pa kutafutwa mbali. Siku ya soko, ingia katika saiba yoyote ya mji mdogo wa Meru. Utamkuta mzee ameketi kwenye benchi, kitambulisho mkononi, akingoja kijana amjazie fomu ya serikali. Kijana huuliza, mzee hujibu kwa Kimeru, kijana hutafsiri na kuandika. Nenosiri hulitunga kijana, naye huliandika kwenye kipande cha karatasi ambacho mzee atakitia ndani ya kofia. Kijana huyo anajua mambo ambayo wasanifu wa Nairobi wangeyalipia ghali. Anajua ni ukurasa gani wazee hukwama, ni neno gani la Kiingereza huwafanya wanyamaze, na ni swali gani hujibiwa vibaya kila mara kwa sababu halikueleweka na aliyeulizwa. Hutoza shilingi chache kwa fomu, na benchi lake hujaa tangu asubuhi. Sijasikia bado kwamba ofisa yeyote amepata kuketi kwenye benchi hilo na daftari.